Nyoka Aliyefunga

Kinyozi wa kona yetu anaitwa Uhakika. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, amepewa na wateja, kwa sababu hakuna sentensi inayotoka kinywani mwake bila neno hilo kuisindikiza. Mvua itanyesha, ana uhakika. Ndoa ya jirani haitafika mwaka, ana uhakika. Nywele zako zinakatika kwa sababu ya sabuni unayotumia, ana uhakika, na sabuni yenyewe hajaiona. Ni mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mikono misafi, mkasi mwepesi. Haki ya mtu apewe: kichwa cha mwenzake akikishika, hukiachia kikiwa kizuri. Tatizo ni kichwa chake mwenyewe.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, mzee ambaye kwa siku nzima alikuwa akisema neno moja tu kwa mteja: "Inama." Mzee alipofariki, mpwa alirithi mikasi, kioo na viti vitatu vya kuzunguka. Ukimya hakuurithi.

Duka ni chumba kimoja. Viti viwili vinafanya kazi, cha tatu mguu wake ni mfupi na kimeegeshwa ukutani. Kuna birika kubwa la umeme la kuchemshia maji, beseni la kuoshea vichwa, redio, na karibu na mlango kabati la kioo lililokuwa zamani la kuwekea mikate. Uhakika anaamini duka la kinyozi haliwezi kuvuta watu kwa kunyoa vizuri tu. Lazima kuwe na kitu cha kutazamwa. Kwanza alileta kasuku. Kasuku alikaa miezi minane bila kusema neno, na wateja walisema maskini ndege hakupata nafasi. Kisha akaleta samaki wawili wa rangi, akawaweka dirishani penye jua la mchana, wakaiva. Halafu akaleta nyoka.

Nyoka huyo ni chatu mdogo, mpole, mnene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Aliachiwa na fundi wa friji aliyekuwa anahama mji. Fundi yule, mtu makini, alimwandikia Uhakika karatasi nzima ya maelezo: bakuli la maji lisikauke, kubwa kiasi cha nyoka kujizungusha ndani, upande mmoja wa kabati uwe na joto, upande wa pili uwe na ubaridi, panya wa kumlisha asizidi unene wake, na akishakula asishikwe siku tatu. Uhakika aliikunja karatasi mara nne akaiweka chini ya mguu mfupi wa kile kiti cha tatu. Ikamfaa kuliko kama angeisoma, maana kiti kilitulia.

Nyoka akaitwa Mkufu, kwa sababu alivaliwa shingoni. Hiyo ndiyo kazi aliyoletewa. Kila Jumamosi, duka likijaa, Uhakika alimlisha panya mbele ya watu, kisha kabla panya hajashuka hata nusu ya mwili, akamtoa na kumzungusha mabegani mwa yeyote anayetaka kupigwa picha. Jumamosi moja Mkufu alimtapikia mtu mgongoni, panya mzima akiwa na manyoya yake.

"Hakupendi," Uhakika alimwambia mteja huku akimfuta. "Nyoka anajua watu. Nina uhakika una jambo."

Mteja alikwenda nyumbani akiwa na jambo ambalo hakuwa nalo asubuhi.

Picha zilihitaji mwanga, kwa hiyo taa ya joto iliyotakiwa kuwa upande mmoja ikashushwa katikati, karibu kabisa na mgongo wa mnyama. Bakuli la maji lilikuwa linaziba watu wasimwone vizuri, kwa hiyo likaondolewa na mahali pake pakawekwa kifuniko cha mtungi wa krimu. Maji yake yalikauka kabla ya saa nne asubuhi. Mkufu alipojivua gamba, gamba halikutoka zima kama soksi, jinsi linavyotakiwa kutoka. Lilitoka vipandevipande, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta wenye chumvi. Ngozi ikafanya mikunjo. Macho yakaingia ndani.

"Anazeeka kwa heshima," alisema Uhakika.

Zikapita wiki tano nyoka hajapata choo. Hilo Uhakika aliliona, kwa kuwa kusafisha kabati ni kazi aliyoichukia na kukosekana kwake hakukumpita. Akampa panya mkubwa zaidi ili, kwa maneno yake, chakula kisukume chakula. Mkufu alimmeza kwa taabu, akavimba sehemu ya nyuma, karibu na mkia, akabaki hivyo. Panya aliyefuata akamkataa. Hapo kinyozi wetu akashtuka kidogo, akampigia simu daktari wa wanyama.

Yaliyotokea kwenye simu hiyo yalisikiwa na watu watatu, kwa sababu Uhakika hapigi simu bila kuwasha sauti wote wasikie. Alikuwepo fundi viatu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka na ambaye hushinda mlangoni pale akitafuta la kucheka. Alikuwepo karani mstaafu, mzee wa kanzu safi anayekuja kuchongwa ndevu kila siku ya pili na kuzungumza kama anayesoma barua ya serikali. Na mimi nilikuwepo, nangoja zamu yangu. Daktari alikuwa porini kwenye zizi la watu, anamzalisha ng'ombe. Alisikiliza maelezo, akauliza maswali mawili, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeshika kitu kinachoteleza:

"Basi huyo amefunga..."

Simu ikakatika.

Neno ni hilo moja. Mtu yeyote mwenye akili ya kutosha kufunga kamba za viatu vyake angepiga tena aulize: amefunga nini? Maana katika lugha yetu mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga safari, hufunga choo, na hufunga kula na kunywa. Uhakika hakupiga tena. Alishusha simu taratibu, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Mmesikia. Amefunga."

"Amefunga nini?" fundi viatu akauliza.

"Amefunga, bwana. Kama watu wanavyofunga."

"Nyoka?"

"Kwani nyoka hana roho? Ndiyo maana panya amemkataa. Mimi nilikuwa na uhakika kuna kitu kikubwa."

Fundi viatu alifungua kinywa acheke, lakini karani mstaafu alishainuka, povu la sabuni limemjaa shavu zima. "Nimelitarajia jambo kama hili," alisema. "Binadamu tumeshindwa kuzuia matumbo yetu. Sasa tunafundishwa na watambaao."

Ukisikia mjinga ameungwa mkono na mtu wa kanzu safi, jua kwamba ujinga umepata muhuri.

Siku hiyohiyo Uhakika alitoa hata kile kifuniko cha krimu. "Aliyefunga hawekewi maji mbele ya pua," alieleza. "Ni utovu wa adabu." Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa na kukibandika kwenye kioo: NYOKA AMEFUNGA. TAFADHALI USIMJARIBU.

Wiki mbili zilizofuata nilijifunza mengi kuhusu majirani zangu kuliko nilivyojifunza katika miaka kumi na minne ya kuishi nao. Walikuja. Walisimama mbele ya kabati la mikate na kuinamisha vichwa. Mwanamke mmoja alimleta mkwewe, kijana wa watu aliyeoa juzi, akamshika bega: "Tazama mwenzako. Wewe hata adhuhuri haijafika ushafunua sufuria." Mlevi mmoja aliapa mbele ya nyoka kwamba ameacha, akaenda kusherehekea kuacha. Karani mstaafu alikuwa akiwapanga mstari na kuwaambia waongee polepole. Na ndani ya kioo, chini ya taa iliyomkausha kama nguo, mnyama asiye na dhambi wala fadhila alikuwa anakufa kwa kiu huku akisifiwa.

Hakuna aliyegusa kioo kuona kina moto kiasi gani. Sifa ni rahisi. Unaitoa ukiwa umesimama, na mikono ikiwa mfukoni. Kati ya wote wale ni fundi viatu peke yake aliyeuliza swali la maana, naye aliuliza kwa kejeli.

"Uhakika, mfungaji yeyote ana saa ya kufungua. Huyu wako anafungua lini?"

"Mwenyewe atajua."

"Na akijua akakosa maji?"

"Wewe shona viatu."

Mke wa Uhakika hakuwepo wakati huo wote. Alikuwa amekwenda kwa dada yake aliyejifungua mapacha. Mama huyu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, wodi ya wasioweza kuinuka kitandani. Kazi yake ni kuogesha, kugeuza, kunywesha na kubadilisha, na kila asubuhi, kabla ya chai, kusoma ubao ulio juu ya vitanda. Kwenye ubao ule kuna neno moja linaloandikwa kuliko yote. Kitanda cha tatu: amefunga siku nne. Kitanda cha saba: amefunga siku sita, apewe maji zaidi. Kwa miaka ishirini na mmoja neno "amefunga" kwake halijawahi kuwa na maana ya pili.

Alirudi siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, akapitia dukani na begi lake mkononi. Duka lilikuwa na watu. Alisoma lile boksi, na akacheka hadi akashika fremu ya mlango.

"Jamani, baba watoto! Umemwandika hadharani? Sisi kule wazee wetu tunawaandika ubaoni, lakini angalau hatuwaiti watu waje kuwatazama."

"Punguza sauti," Uhakika alisema. "Kuna watu wamekuja kwa heshima."

"Heshima ya nini? Ya kufunga choo?"

Fundi viatu, mlangoni, aliweka nyundo chini polepole kama mtu asiyetaka kupitwa na neno hata moja.

Mwanamke akainama kumtazama Mkufu vizuri, na kicheko kikamtoka usoni. Akazima taa. Akafungua kabati, akaibana ngozi ya nyoka kwa vidole viwili na kuiachia. Ilibaki imesimama kama kona ya shuka lililopigwa pasi. Akamfungua mdomo kidogo kwa ncha ya kidole. Mate yalivutika kama gundi.

"Maji yake yako wapi?"

Uhakika alijibu kitu kuhusu adabu.

"Nimekuuliza maji yako wapi."

Hakungoja jibu. Alimpigia daktari, na daktari safari hii alikuwa mahali penye mtandao. Sauti yake ilisikika hadi kwenye kile kiti cha tatu.

"Bado? Mama, mimi nilimwambia bwana wiki mbili zilizopita huyo amefunga choo! Nikamwambia amweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa kila siku. Hajamweka?"

"Simu ilikatika, daktari."

"Haya. Ana uvimbe nyuma?"

"Anao. Mgumu."

"Basi sikiliza. Mwingize majini sasa hivi, si baadaye. Kina kifike nusu ya unene wake, kichwa kiwe huru. Usimkamue tumbo, utampasua. Usimpe mafuta wala dawa ya watu. Akitoa choo leo, atapona. Asipotoa, mimi narudi mjini kesho jioni, na sina hakika nitamkuta."

Ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa pale: nyoka ana saa kadhaa. Na hapa ndipo ninapomdharau Uhakika kuliko mahali pengine popote. Kukosea kusikia ni jambo la binadamu. Lakini sasa alikuwa amesikia, wote tumesikia, na alichofanya ni kumshika mkewe kiwiko na kumvuta nyuma ya pazia la kona ya kuwekea mashuka. Pazia si ukuta.

"Tumpeleke nyumbani," alinong'ona. "Tumwoshe kule, kimyakimya."

"Nyumbani ni ghorofa ya nne na bomba halitoi maji mpaka jioni. Hapa una birika, una beseni."

"Basi tungoje nifunge duka. Ni saa chache tu. Hawa watu nimewaambia... Utawaambia nini watu?"

"Mimi sikuwaambia kitu."

"Mke wangu, nitachekwa mpaka niingie kaburini."

"Kule kwangu," alisema mwanamke, na hakunong'ona, "mzee anayeona haya kuulizwa kama amepata choo ndiye tunayemzika. Maji unayo. Amua."

Uhakika alitoka nyuma ya pazia, na hakwenda kwenye kabati. Alikwenda kwa karani mstaafu, aliyekuwa kwenye kiti na shavu moja limenyolewa na moja bado, akachukua wembe. Alinyoa mara moja. Akanyoa mara ya pili. Watu walikuwa wanamsubiri aseme kwamba mkewe amekosea, na nadhani neno hilo lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Kwenye kioo cha mbele yake alikuwa anaona kabati, na ndani ya kabati Mkufu alikuwa amefungua mdomo na kuuacha wazi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anayejaribu kumeza hewa.

Kinyozi akaweka wembe chini.

"Hajafunga," alisema akiwa amewapa watu mgongo. "Amefunga choo. Mimi ndiye niliyemnyima maji."

Fundi viatu alipiga paja. "Kumbe! Wiki mbili tumevua kofia kwa ajili ya tumbo gumu!"

"Unaona?" alisema yule mama aliyemleta mkwewe, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja naye tena. "Mimi tangu mwanzo nilisema." Hakuwa amesema. Wala karani hakuwa amesema, lakini naye aligundua ghafla kwamba siku zote alikuwa na mashaka, na akayaeleza kwa kirefu, nusu ndevu, mpaka alipoona Uhakika anachukua beseni.

"Siyo lile! Lile ni letu la vichwa!"

"Ndilo lililopo, mzee wangu."

Mwanamke alichanganya maji ya birika na ya bomba, akayapima kwa kiwiko kama anavyopima ya wazee wake. Uhakika akamwingiza nyoka kwa mikono miwili, akachuchumaa sakafuni, akamshika chini ya kidevu kichwa kisizame. Beseni likafunikwa taulo juu. Ikapita robo saa. Mkufu hakufanya kitu ila kulala majini. Fundi viatu akashauri kijiko cha mafuta ya kupikia. Akaambiwa akayanywe yeye. Uhakika akapeleka dole gumba kwenye uvimbe ajaribu kusukuma. Mkewe akampiga kofi mkononi.

"Umesikia daktari au simu imekatika tena?"

Maji yalipopoa yakabadilishwa. Wakati wa maji ya pili, koo la nyoka lilianza kutembea. Lilikuwa linapanda na kushuka, polepole, mara kwa mara: alikuwa anakunywa. Uhakika alilitazama koo lile bila kusema kitu kwa dakika nyingi, jambo ambalo wateja wake wa zamani hawakuwahi kuliona. Magoti yalimuuma, akaketi sakafuni kwenye nywele za watu.

Watu walianza kupungua. Kusimama mbele ya mfungaji ni jambo moja. Kusimama mbele ya mgonjwa kunachosha. Waliobaki walibaki ili wacheke baadaye wakiwa na ushahidi.

Yalipowekwa maji ya tatu, mwili wa Mkufu ulikaza wote, ukajikunja, ukakaza tena. Likatoka bonge jeupe, gumu kama chaki, la pili, kisha mengine ya kahawia yenye manyoya ya panya wa wiki zote zile, na pamoja nayo harufu ambayo sitaieleza. Duka likawa tupu mara moja. Yule mama alimkanyaga mkwewe mlangoni. Karani mstaafu alitoka na shuka la kinyozi shingoni na ndevu za upande mmoja, akavuka barabara bila kutazama magari, kanzu ameishika juu kama anavuka mto. Hawakurudi. Wale waliokuja kujifunza kutoka kwa tumbo la nyoka hawakutaka kujua lina nini ndani.

Alibaki fundi viatu mlangoni, pua ameiziba kwa fulana.

"Uhakika," alisema, "hapo ndipo alipofungua."

Uhakika alimwaga beseni kwenye shimo la uani, akalisugua mara mbili kwa sabuni, akajaza maji mapya, akayapima kwa kiwiko chake mwenyewe, akamrudisha nyoka ndani. Uvimbe ulikuwa umelala. Mkufu akateremsha kichwa na kuanza tena kunywa.

"Nitampigia daktari nimwambie," alisema mwanamke. "Na hatakula kitu wiki mbili. Wala humvai."

"Simvai."

Simsifu kwa hilo. Mtu hasifiwi kwa kumpa maji yule aliyemnyima. Vijana wawili walikuja wakasimama mlangoni, wakauliza kama kuna kiti. Viti vyote vilikuwa vitupu. Kinyozi, akiwa amekaa sakafuni, mikono majini, aliwaambia waende kwa mwenzake wa barabara ya pili, yeye leo hanyoi mpaka huyu amalize.